Sikukuita, Lakini Kaa

Mkija kwangu, msiniite jina mkiwa nje ya lango. Okoteni jiwe mgonge bati. Nitasikia, nitatoka. Najua vijana wa kanisa letu wamenipa jina la Mama Bati, na nimelipokea, maana miaka niliyofundisha niliitwa mabaya zaidi nyuma ya mgongo wangu. Lakini kugonga huko kuna sababu, na kwa kuwa mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyokaa na vijana wa rika lenu, nitaieleza kabla sijamaliza. Mnivumilie. Siku hizi hata kutoka kitandani hadi jikoni napitia njia ndefu.

Nilikuwa mwalimu wa somo la dini katika shule moja ya bweni upande wa Burat, na mlezi wa CU, ule ushirika wa wanafunzi Wakristo. Sikuwa mchungaji wala daktari. Nilikuwa na chumba kidogo kilichopakana na stoo ya jikoni. Ndani mlikuwa na benchi, dirisha lisilofungika sawasawa, na ungo. Mpishi aliniletea ndengu za chakula cha jioni nikamchagulia mawe. Mtoto akija na jambo zito sikumwambia tuketi tuzungumze. Nilisogea kwenye benchi, nikauweka ungo katikati yetu, nikaendelea na kazi. Baada ya muda naye angeanza kuchagua. Kijana akikutazama usoni atakwambia kile anachodhani unataka kusikia. Akitazama ndengu atakwambia kilicho moyoni. Wanafunzi wangu wamekula mawe machache sana kwa sababu ya huzuni za wenzao.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Nilipoanza kazi, mtoto akisema halali usingizi, sisi walimu wa dini tulimpa mistari ya kukariri. Akisema ana huzuni isiyo na sababu, tulimwambia ashukuru. Na akisema anasikia sauti, hapo tulisimama wote, tukamzunguka, tukamwekea mikono na kuomba kwa kelele mpaka yeye mwenyewe asisikike. Mtoto alitoka pale akiwa mkimya, nasi tukasema amepona.

Nataka niwaambie habari za Akiru. Amenipa ruhusa. Alisema, "Andika tu, Mwalimu, lakini usiseme nilifungwa mabao."

Akiru alikuwa kidato cha pili, msichana Mturkana aliyelelewa na nyanya yake, mrefu, mcheshi, mlinda lango wa timu ya wasichana. Mnaujua upepo wetu wa Isiolo, ule unaoanza asubuhi na kupeperusha vumbi na karatasi za miraa mpaka jua litue. Ukikaa hapa miaka mingi huusikii tena. Unausikia unapokatika. Kuna mchana ambapo unakatika ghafla, na kwa muda mfupi mji wote ni kama umeshika pumzi.

Mchana mmoja wa namna hiyo nilikuwa mwalimu wa zamu. Baada ya chakula niliwapanga wasichana uwanjani nikaanza kuita rejista.

"Kendi!"

Kimya. Nilimwona Kendi amesimama mstari wa mbele, mbele ya macho yangu, ananiangalia.

"Kendi!"

Kimya.

"Wewe Kendi!"

"Niko, Madam."

Nikaita jina la pili. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, mara ya tatu akaitika. La tatu vivyo hivyo. Wavulana waliokuwa wakipita na ndoo walicheka, mmoja akasema, "Hawa wamefanya mgomo wa masikio." Kisha wakaacha kucheka, maana haukuwa utundu. Nyuso za wale wasichana hazikuwa na mchezo. Upepo ulikuwa umekatika, bendera imelala kwenye mlingoti, na bweni zima limesimama juani, midomo imefungwa, linangoja niite mara ya tatu.

Nilimchukua Kendi pembeni. Alikuwa Mmeru mwenzangu, mtoto asiyeweza kuficha kitu.

"Ni nini hiki?"

"Madam, sio madharau. Ni vile Akiru anaitwa."

"Anaitwa na nani?"

"Hatujui. Ndio maana tunangoja."

Mmelelewa huku, kwa hiyo mnaijua desturi yenyewe. Ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike mara ya kwanza wala ya pili. Kitu kibaya hakiwezi kuita mara ya tatu. Nyanya yake Akiru aliisema, mama yangu kule Tigania aliisema, na majirani zangu Waborana nao wanaisema, na kila mmoja anadai ni ya kwao. Kumbe kwa majuma kadhaa wasichana wale walikuwa wameacha kuitana majina kabisa. Jioni ile nilipita bwenini wakati wa kufua. Niliwahi kulijua bweni lile kwa makelele yake. Sasa palikuwa na maji yanayomwagika tu, na makofi. Mmoja anapiga makofi mawili, mwenzake anageuka. Mwingine anarusha kijiwe kimguse rafiki yake mgongoni. Hakuna jina hata moja lililotajwa. Nilisimama mlangoni, na nywele za mikono yangu zikasimama nami.

Mwenyekiti wa CU wakati huo alikuwa Kinoti wa kidato cha nne, kijana mwenye tai siku zote hata Jumamosi, na moyo safi kuliko wengi. Nilimwuliza kama anajua habari hizi.

"Najua, Madam. Hata tumekuwa tukimsimamia. Mungu anamwita, kama yule mtoto wa hekaluni. Tulimwambia aachane na mambo ya nyanya. Asingoje mara ya tatu. Aitike ya kwanza."

"Na chakula chake? Naona sahani yake inaliwa na wengine."

"Amefunga. Ndio asikie vizuri."

Basi tazameni mahali mtoto yule alipokuwa. Akiitika, amekosea kwa nyanya yake. Asipoitika, amekosea kwa Mungu wake. Na hali, na halali, kwa sababu sauti inaweza kuita wakati wowote. Nje kulikuwa na wale wa kumdhihaki: "Akiru, leo Mungu amepiga simu ama amekubip tu? Mwambie anitumie kredo." Alikuwa anacheka nao. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, jinsi alivyocheka kwa wakati unaofaa, kama mtu anayefuata wimbo asioupenda.

Alikuja chumbani mwangu siku ya pili. Nikausogeza ungo.

"Naitwa upepo ukikatika," alisema. Vidole vyake vilikuwa vimekonda. "Jina tu. Halafu 'njoo'."

"Kutoka wapi?"

"Huko lagani."

Laga ilikuwa nyuma ya ua wa shule, ule mto mkavu wa mchanga mweupe ambao mbuzi wanakatiza kwenda malishoni.

"Sauti yenyewe ikoje?"

"Zamani ilikuwa ya nyanya. Nilikuwa nadhani amenitembelea." Akatoa jiwe, akalitazama, akaliweka kwenye bakuli. "Siku hizi ni sauti yako, Mwalimu."

Wakati ule ule upepo ukakatika. Dirisha langu lililokuwa likigongagonga kutwa likanyamaza. Akiru akainua kichwa kuelekea nyuma ya jikoni, akasikiliza. Hakusikiliza kwa hofu. Alisikiliza kwa adabu, kama mwanafunzi anavyomsikiliza mwalimu wake. Nami nilikuwa nimeketi kando yake, ungo tu kati yetu, mdomo wangu umefungwa.

"Nimesema nini?" niliuliza.

"Umesema nije."

Sikupiga kelele. Sikumwekea mikono. Niliomba, ndiyo, lakini niliomba macho yakiwa wazi, na hilo nawaachia kama fundisho: ukiwa na mtu aliye na hofu, usifumbe macho ukamwacha peke yake chumbani.

Kwa idhini ya mwalimu mkuu na nyanya yake nilimpeleka kliniki mjini, kwa muuguzi wa magonjwa ya akili aitwaye Guyo. Ni Mborana, Mwislamu, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Nakiri niliwaza watu wa kanisa watasema nini. Yeye aliliona usoni mwangu kabla sijaketi.

"Salaam aleikum," akasema, kisha akatabasamu. "Ama habari, Mwalimu. Usiogope. Usingizi hauna dini."

Kwa muda mrefu hakusema nami tena. Alisema na Akiru. Umelala lini vizuri? Umekula nini leo? Jana je? Kisha akauliza, wazi kama mtu anayeuliza njia, "Umewahi kufikiria kufa?"

Nilishtuka. Nilidhani swali lile litampa mtoto wazo. Lakini Akiru alishusha mabega, kama mtu aliyepokewa ndoo kichwani.

"Sio kufa. Kwenda tu. Lakini najua mtu akienda huko harudi."

Guyo aliitikia kwa kichwa taratibu, akamshukuru kwa kumwambia. Baadaye aliniambia kwamba swali hilo haliingizi kitu, linafungua mlango kwa kitu kilichokwisha ingia. Tangu siku hiyo nimeliuliza mara nyingi, kwa maneno hayo hayo, na sijawahi kujuta. Ninyi viongozi wa vijana, jifunzeni kulisema mbele ya kioo mpaka sauti isitetemeke.

Alitupatia dawa, akatupangia siku ya kurudi. Mlangoni nilimwuliza lililonikaa kooni.

"Na kama kweli ni kitu? Kama si ugonjwa?"

"Mwalimu, mimi sijui vitu. Najua watoto. Usibishane na hiyo sauti, na usiulize ni nani. Ukianza hayo mtabishana mpaka Idi. Wewe mpe mtoto mahali pa kwenda ikiita."

Njiani kurudi nilikuwa nikiwaza habari ya yule mtoto wa hekaluni, habari ambayo nimeifundisha miaka na miaka. Nilipofika niliita viongozi wa CU, nikawaambia waisome polepole, sentensi kwa sentensi. Walipofika mahali mtoto anaposikia jina lake, nikauliza, "Alifanya nini?"

"Aliitika," Kinoti akasema.

"Kisha?"

Akaangalia kitabu. "Alikimbia kwa mzee, yule kuhani."

"Akamwambia nini?"

"Eti, umeniita? Mzee akasema hapana, kalale."

"Na mara ya pili?"

"Alikimbia tena kwa mzee." Akarudisha kidole juu ya mstari. "Madam, hiyo sehemu huwa tunairuka."

"Basi hiyo ndiyo yenu. Hamkuitwa muwe sauti. Kuwa sauti kuna mwenyewe. Ninyi muwe mzee: awepo, aamshwe, asikasirike, aseme ukweli kwamba hakuita."

Kinoti alilegeza tai yake. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kuiona shingo yake.

Nikamwambia Akiru hivi: "Ukisikia ninakuita, popote ulipo, njoo uniulize. Usiitike, usikatae. Njoo tu uulize." Akaja. Alikuja nikiwa chumbani, akaja nikiwa darasani, akaja kwenye mkutano wa walimu akachungulia mlangoni, naibu mwalimu mkuu akashusha pumzi na kusema, "Mwalimu, wako huyo."

"Umeniita?"

"Sikukuita. Lakini kaa."

Alikaa. Kama nilikuwa na ndengu alichagua. Kama nilikuwa na vitabu alipanga vitabu. Siku nyingine hatukusema neno lingine mpaka kengele. Sala zangu kwake zilikuwa fupi na za mambo ya kawaida: alale, ale, acheze.

Desturi ya kungoja mara ya tatu sikuitukana. Niliwaambia wasichana, anayeita ajionyeshe. Ukiita jina, inua mkono. Basi bweni likarudisha majina yake, na kila mmoja akiita anapunga mkono kama makanga wa matatu stendini. Kendi alikuwa akipunga yote mawili. Kwa dawa zile Akiru alisinzia darasani na akafungwa mabao (nimeshasema, Akiru, unisamehe), na alilalamika, "Zinanifanya kama ng'ombe aliyechanjwa." Guyo akapunguza kipimo. Sauti zikapungua. Nyanya yake alikuja na maziwa mabichi kwenye kibuyu, akanitemea mate ya baraka kiganjani.

Laiti ingeishia hapo. Siku ya wazazi, mama mmoja wa maombi, mtu mwema ambaye hadi leo tunaketi safu moja kanisani, alimkuta Akiru akimeza kidonge. Akamwambia kwa upendo kabisa, "Mwanangu, Mungu hagawi kazi yake na chupa." Akiru hakuniambia. Alivipeleka vidonge vyake lagani akavifukia mchangani, akashukuru, akaamini amepona. Yakapita majuma mawili, mvua za vuli zikakaribia. Siku moja kwetu jua lilikuwa kali, jeupe. Huko juu, milima ya Nyambene ilikuwa imevaa weusi.

Mchana wa siku hiyo nilikuwa kwenye benchi langu. Upepo ukakatika. Nilikuwa nimejifunza kuuogopa ukimya huo, hivyo niliinuka nikatoka nyuma ya jikoni. Ng'ambo ya ua, kati ya migunga, niliona sweta la bluu likishuka kuelekea mchangani. Alikuwa anatembea vizuri tu, bila haraka, mkono mmoja umenyooshwa kidogo mbele, kama mtoto anayeongozwa kuvuka barabara.

Nilifungua mdomo kumwita.

Nikaufunga.

Vijana wangu, nimesimama mbele ya mengi katika maisha haya. Sijasimama mbele ya jambo kama lile. Mtoto anakwenda na sauti yangu inamwita kutoka mbele. Nikimwita kutoka nyuma, ataiamini ipi? Nami nikiita mara mbili tu na ya tatu isimfikie, si nitakuwa kama kile kisichoweza kuita mara ya tatu? Magoti yangu yalikuwa yameshachoka hata wakati huo; nisingemfikia kwa kukimbia. Nilikuwa na sauti tu, na sauti yangu ilikuwa imechukuliwa.

Ukuta wa nyuma wa jikoni ulikuwa wa mabati. Niliokota jiwe la mafiga, nikagonga. Nikagonga tena na tena kama mwendawazimu. Mpishi alitoka na mwiko mkononi, "Mwalimu, nyoka? Ni nyoka?" Sikumjibu. Kule chini sweta la bluu lilisimama. Lilisimama muda mrefu. Niliendelea kugonga, na katikati ya mapigo nilikuwa nikimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba akumbuke kuuliza.

Akageuka.

Alipanda polepole, akapenya uani, akaja mpaka miguuni pangu. Kiatu kimoja hakikuwepo. Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyetoka kwenye chumba chenye giza.

"Mwalimu, umeniita?"

"Sikukuita," nikasema. "Nimegonga bati. Lakini kaa."

Tuliingia chumbani, tukaketi kwenye benchi. Mpishi alileta chai yenye sukari nyingi, akaenda zake bila kuuliza, Mungu amkumbuke. Mikono ya Akiru ilikuwa kwenye ndengu ndipo tuliposikia. Kwanza ilikuwa kama lori kubwa mbali, kwenye barabara ya Moyale. Kisha sakafu ya chumba ikatetemeka na mawe kwenye bakuli yakaanza kucheza. Laga ilikuwa inashuka. Kwetu halikuwa limeanguka tone, lakini maji ya milimani yalipita nyuma ya shule yakiwa mekundu na marefu kuliko mtu, yamebeba migunga mizima na mbuzi wa watu. Tulitoka tukatazama. Mchanga mweupe haukuwepo tena.

"Ilikuwa inasema nije," alisema Akiru, polepole. "Halafu nikasikia bati. Nikaona, wewe huwezi kuwa mahali pawili. Nikasema ngoja niulize."

Msiniulize sauti ile ilikuwa nini, na kwa nini iliita saa ile na si nyingine. Nimeliweka swali hilo mbele za Mungu na sijaambiwa. Nyayo zake tulizitafuta kesho yake. Kutoka uani hadi ukingoni zilikuwepo, za kwenda na za kurudi. Mahali alipogeukia udongo ulikuwa umekanyagwa sana, kama pamesimama watu, lakini zote zilikuwa nyayo za mguu mmoja wenye kiatu na mmoja usio na kiatu. Mbele ya hapo palikuwa na maji.

Tulirudi kwa Guyo. Hakumgombeza. Alisema, "Umerudi. Vizuri," akaandika dawa upya. Kinoti alitusindikiza, akasimama nje ya kliniki na tai yake akilinda mlango kama askari. Na yule mama wa maombi nilimtembelea nikamweleza, bila hasira, tukachagua ndengu. Aliniambia, "Mimi nilidhani namtia moyo." Najua. Wengi wetu tunadhani hivyo. Siku hizi yeye ndiye huwakumbusha watoto wa jirani kumeza dawa zao, na anawaombea wakiwa wanameza. Kidonge na sala havijawahi kugombana kooni mwa mtu.

Akiru alimaliza shule. Sasa ana duka la agrovet karibu na soko la mifugo, anauza dawa za minyoo, chumvi ya ng'ombe na mbegu. Bado yuko na dawa zake kidogo, bado anaimba kwaya. Kwa miaka mingi alinipigia simu pale upepo ulipokatika: "Mwalimu, umeniita?" Siku moja niligundua kwamba simu zile zimekoma, nikamshukuru Mungu, na nikahuzunika kidogo, kama mama anayeona mtoto hahitaji tena kubebwa.

Mimi nilistaafu. Mume wangu alikwenda kwa Bwana mwaka jana.

Sasa nifike langoni. Majuzi, mchana, nilikuwa nafagia. Upepo ukakatika. Nikasikia kutoka nje ya lango, kwa sauti ya mume wangu kabisa, na kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya kusema, jina alilozoea kuniita: "Mama Mutwiri." Nikaendelea kufagia. "Mama Mutwiri, leta chai."

Sikungoja mara ya tatu. Mimi, mwalimu wa watu. Nilijikuta nimesimama langoni, kikombe mkononi, chai ya moto, sukari mbili kama alivyopenda, na sikumbuki kuwasha jiko. Nje ilikuwa barabara tupu na alama za kwato za mbuzi kwenye vumbi.

Ndiyo maana naomba mgonge. Bati halina sauti ya mtu.

Nilikiweka kikombe juu ya nguzo ya lango, nikavaa kitambaa cha kichwa, nikaita boda boda. Kijana akaniuliza, "Wapi, shosho? Hospitali?" kwa jinsi nilivyokuwa. Nikasema, "Agrovet."

Duka lilikuwa na mteja, mzee wa ngamia aliyeketi juu ya gunia la chumvi akibishana naye. "Hii ni ya ngamia ama ni ya mbuzi? Ngamia yangu si mbuzi, wewe msichana." Na Akiru akimjibu, "Mzee, ngamia akinywa hii ya mbuzi atakutemea wewe, si mimi." Kisha akaniona mlangoni. Aliweka chupa chini.

Nilisimama mbele ya kaunta kama mwanafunzi.

"Akiru," nikasema, "umeniita?"

Hakucheka. Hakuita mtu. Alizunguka kaunta akanishika kiwiko.

"Umelala lini vizuri, Mwalimu?"

Nikamwambia.

"Umekula leo?"

Nikamwambia.

Akaniangalia, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Umefikiria kumfuata?"

Mabega yangu yakashuka. Nikamwambia na hilo pia, na sitaliandika hapa, kwa maana tayari liko mahali salama.

"Asubuhi nakuja kukuchukua, twende kwa Guyo," alisema. Akachukua trei ya mbegu za ndengu zilizoingia mawe, akaiweka juu ya kaunta. "Sikukuita, Mwalimu. Lakini kaa."

Mzee wa ngamia akasogea, akanipisha kwenye gunia.